Pesa ya Kwanza Iende Kwenye Maji

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumapili iliyopita hapa Bwiru, mbele ya wafugaji wa samaki wa nyumbani. Waliokosa kufika waliniomba niiandike yote, nami naiweka kama nilivyoisema.

Mwangaluka, ndugu zangu! Wazee wangu, mama zangu, vijana mliotoka Nyegezi na Igoma, na ninyi mliovuka na kivuko cha Kamanga asubuhi hii, karibuni sana.

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo watu wengi wa mji huu wakilisikia hushangaa: kufuga matumbawe ya bahari sebuleni, hapa hapa Mwanza. Bahari iko wapi? Kwa barabara iko zaidi ya kilomita elfu moja. Sisi tuko kwenye mwinuko wa mita 1,134, kando ya ziwa la maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Hata hivyo simu hazikomi kwangu. Mtu ameona video, ameona samaki mdogo wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe akijificha ndani ya anemoni, yule mnyama laini wa baharini anayefanana na ua, moyo umempenda, na swali lake la kwanza ni lile lile: "Ninunue taa gani?"

Ndugu zangu, taa ina siku yake. Leo nataka mwondoke na mpangilio mmoja tu wa kutumia pesa. Pesa ya kwanza iende kwenye maji. Ya pili iende kwenye pumzi. Taa isubiri. Nitarudia: maji, pumzi, kisha taa. Anayefuata mpangilio huu hapa Mwanza, matumbawe yake yanaishi. Anayeanza na taa, mara nyingi baada ya miezi michache anauza tangi.

Kwa nini maji? Tumbawe ni mnyama. Wengine tumezoea kuliona kama jiwe, kwa sababu pwani limechomwa miaka mingi kupata chokaa, na nyumba za kale za Waswahili zimejengwa kwa hilo hilo. Lakini likiwa hai ni mnyama, tena mnyama aliyezoea mahali ambapo mambo hayabadilikibadiliki. Chumvi ni gramu 35 kwa kila lita, mwaka mzima. Joto ni nyuzi 25 hadi 28, na linapanda na kushuka polepole. Kalisi, yaani kalsiamu, ni kama miligramu 410 kwa lita, magnesi, yaani magnesiamu, karibu 1,280. Sasa mchukue mnyama huyo umtie kwenye kioo cha lita 200 sebuleni kwako. Nani atamlindia hali ile? Ni wewe na vifaa vyako. Kila kifaa mtakachonisikia nikikitaja leo, kazi yake ni kuzuia mabadiliko.

Maji ya bomba tunayotumia mjini yanatoka ziwani, yanasafishwa na kutiwa klorini. Kwa kunywa, sawa. Kwa sato kwenye bwawa, ukishaondoa klorini, sawa. Kwa matumbawe, hapana. Ziwa letu limebeba fosfeti na naitreti za mbolea kutoka mashambani na za maji machafu ya miji inayolizunguka, ndiyo maana baadhi ya miezi mnaona ukijani umetanda ufukweni. Ukitia maji hayo kwenye tangi la matumbawe, chini ya taa kali, unachofuga ni mwani. Utaukwangua leo, wiki ijayo umerudi.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza kabisa ni mashine ya RO, ile ya kuchuja maji kwa utando, lakini yenye hatua ya mwisho ya resini ya kunyonya madini yaliyobaki. Mashine za RO za maji ya kunywa mnazijua, mmeziona madukani. Nyingi hazina hatua hiyo ya resini, na baadhi hurudisha madini kidogo makusudi ili maji yawe na ladha. Muulize muuzaji kabla hujatoa pesa. Na hapo hapo nunua TDS mita, kidude kidogo kama kalamu cha kupima madini yaliyoyeyuka majini. Maji yakitoka, chovya. Inatakiwa isome sifuri. Ikianza kusoma namba, resini imechoka.

Nina habari ya mwalimu mmoja anayekaa juu kabisa, kule Mabatini mlimani. Alijinyima, akanunua mashine nzuri, akaifunga kwenye bomba linalotoka kwenye tangi lake la plastiki. Maji yakawa yanadondoka tone, tone, tone. Usiku kucha hajajaza hata dumu. Akakata shauri kwamba ameuziwa mashine mbovu, akataka kuirudisha. Aliponiita nilimuuliza swali moja: tangi lako limeinuliwa kiasi gani? Akasema kama mita tatu. Ndugu zangu, hesabu ni hii. Kila mita 10 za kimo cha maji hukupa presha ya bar moja. Mita tatu ni sehemu ya tatu ya bar. Utando wa RO unataka bar tatu na nusu, nne. Mashine yake ilikuwa nzima kabisa! Kilichokosekana ni pampu ndogo ya kusukuma maji kabla hayajafika kwenye utando. Tuliifunga, na jioni ile ile madumu yakajaa.

Sisi wa mji wa milima na mawe, wengi tunaishi kwa matangi, maana maji ya bomba hayapandi kila siku. Basi ukipiga hesabu ya RO, weka na pampu yake humo humo. Na jueni kwamba mashine hii hutupa lita tatu au nne kwa kila lita moja safi inayokupa. Usiyaache yaende mtaroni. Kinga kwenye ndoo, ufulie, umwagilie mchicha.

Mama mmoja pale nyuma ameniuliza kabla hatujaanza: maji ya mvua je? Mama yangu, mvua yenyewe ni safi, lakini paa letu ni bati, na bati hutoa zinki. Samaki anaweza kuvumilia kidogo, tumbawe na konokono hawawezi. Ukiyakinga, yapitishe kwenye mashine ile ile.

Sasa chumvi. Tuna chumvi ya Uvinza, tunaijua, tumeila tangu utotoni. Kwa nini usimimine hiyo tu? Nimeulizwa hili mara nyingi na watu makini, kwa hiyo nalijibu kwa heshima. Chumvi ya kupikia ni sodiamu na klorini karibu tupu. Katika chumvi ya bahari, viwili hivyo ni kama asilimia 85. Hiyo asilimia 15 iliyobaki ndiyo yenye magnesi, kalisi, salfeti, potasiamu na vingine vingi, na humo ndimo tumbawe linamopata kitu cha kujengea mifupa yake. Samaki wako anaweza kusukuma siku kadhaa. Tumbawe litakonda mbele ya macho yako. Nunua chumvi ya akwariamu. Kwa lita 200 za kuanzia unahitaji angalau kilo saba, na ukibadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki, hiyo ni lita 20, karibu robo tatu ya kilo. Ipigie hesabu ya mwaka mzima kabla hujanunua hata kioo, kwa sababu mzigo huo unasafirishwa kutoka mbali na haupo kwenye duka la jirani.

Kipimo chake kiwe refraktomita. Unaweka matone mawili, unaangalia kwenye mwanga, unasoma 35. Na kila baada ya muda, isahihishe kwa maji maalumu ya kupimia ya 35, maana ikikudanganya kidogo, wewe utadanganyika mwezi mzima.

Jambo moja la hapa kwetu. Miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, hewa ni kavu na upepo haulali. Tangi la lita 200 linaweza kupoteza lita mbili, tatu kwa siku. Maji yanaondoka, chumvi inabaki. Kwa hiyo kila siku unajaza kwa maji safi ya RO, yasiyo na chumvi. Mnanielewa? Yasiyo na chumvi. Kipo kifaa kinachofanya kazi hii chenyewe, chenye boya na pampu ndogo, na bei yake ni nafuu ukilinganisha na taa. Ningekinunua kabla ya taa yoyote ile.

Tuje kwenye pumzi. Hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana hapa ndipo matangi mengi ya mji huu yanapofia.

Kuna ndugu mmoja wa Kirumba, mtu mwenye duka la dawa, mtu wa mpango. Tangi lake lilikuwa zuri kuliko yote niliyowahi kuyaona Mwanza. Taa ya gharama, mashine ya povu ya kuondoa uchafu, nayo ya gharama, matumbawe yamefunguka, samaki wawili aina ya kangaja wanaogelea. Usiku mmoja umeme ukakatika saa tano. Alikuwa na inveta na betri nzuri. Ila inveta ilikuwa imeunganishwa kwenye friji na televisheni. Akalala. Saa kumi na moja alfajiri anaamka, kangaja wote wawili wako juu wanapumua kwa mdomo, na kufika mchana wamekufa. Wiki iliyofuata matumbawe yakaanza kuyeyuka.

Nini kiliwaua? Baridi? Hapana, Mwanza hakuna baridi ya kuua tangi kwa usiku mmoja. Ni oksijeni. Maji yasiyo na chumvi ya nyuzi 25, usawa wa bahari, hubeba kama miligramu 8 za oksijeni kwa lita. Maji ya chumvi ya joto hilo hilo hubeba chini ya 7. Sasa panda nayo hadi mita 1,134, ambako hewa ni nyepesi, na utakuta yanabeba chini ya 6. Yaani tangi la matumbawe la Mwanza linaanza safari na akiba ndogo kuliko la Tanga. Usiku hakuna mwanga, kwa hiyo hakuna kinachotengeneza oksijeni ndani ya maji. Samaki anavuta, tumbawe linavuta, bakteria kwenye mawe wanavuta. Pampu ikisimama, uso wa maji unatulia, na hewa mpya haiingii.

Maagizo mengi tunayoyasoma yameandikwa na watu wa nchi za baridi, na wao umeme ukikatika wanawaza hita. Sisi tuwaze pampu. Angalieni hesabu hii. Betri ya volti 12 ya amp-saa 100 ina wati-saa 1,200. Ili isife mapema, tumia nusu, 600. Ukiifunga kwenye hita ya wati 200, masaa matatu imekwisha. Ukiifunga kwenye pampu ya mawimbi ya wati 10, inaenda masaa 60! Hata ukitoa kinachopotea kwenye inveta, una siku mbili kamili. Betri ile ile, nyumba ile ile, tofauti ni umeifunga kwenye nini.

Kwa hiyo ninaposema pesa ya pili iende kwenye pumzi, maana yangu ni hii: nunua pampu za mawimbi mbili ndogo badala ya moja kubwa, ili moja ikifa nyingine ibaki. Chagua zinazotumia volti 12 au 24 za betri, ili usihitaji hata inveta. Zielekeze juu, uso wa maji ucheze. Kwa tangi la lita 200 lenye matumbawe laini, zote mbili kwa pamoja zisukume lita 4,000 kwa saa, na zaidi ukifika kwenye matumbawe magumu. Kisha funga betri yao peke yao. Isiguswe na televisheni, isiguswe na friji, isiguswe na chaji ya simu za wageni.

Vijana wanaonunua vifaa vya mtumba, neno moja kwenu. Kifaa kilichotoka Marekani kwa kawaida ni cha volti 120 na mzunguko wa 60. Umeme wetu ni volti 230 na mzunguko wa 50. Ukikichomeka moja kwa moja kitaungua. Ukikitafutia transfoma huenda kisiungue, lakini pampu ya namna ya zamani itazunguka polepole kuliko ilivyoandikwa. Geuza kifaa, soma kibandiko, ndipo ulipe.

Na usalama. Maji ya chumvi hupitisha umeme kuliko maji ya ziwa kwa mbali sana. Mwambie fundi akufungie RCD, kile kifaa kinachokata umeme unapovuja, kwenye laini ya tangi. Waya zote zining'inie chini ya soketi kwanza ndipo zipande, ili tone likifuata waya lidondoke sakafuni. Tuna watoto nyumbani.

Hita na feni nitazipita haraka. Hita ndogo yatosha, kwa usiku wa Julai. Feni ni muhimu zaidi ya hita kwa nyumba zetu zenye bati bila dari: ukiielekeza kwenye uso wa maji inashusha nyuzi mbili, tatu.

Tangi lenyewe? Mafundi wa vioo tunao, na ni wazuri. Ukubwa wa lita 200 ni bora kuliko 60, kwa sababu maji mengi hubadilika polepole. Kioo cha milimita 10 kwa kimo cha nusu mita, silikoni isiyo na dawa ya kuua ukungu, na stendi ya kubeba zaidi ya kilo 250. Kama unaweka tangi la pili chini kwa ajili ya vifaa, acha nafasi humo ya kupokea maji yatakayoshuka umeme ukikatika, la sivyo zulia litayapokea.

Sasa mawe, na hapa nina habari ninayoipenda sana. Mwaka 1961 mtu mmoja wa Jakarta, Indonesia, aitwaye Lee Chin Eng, aliandika katika jarida la wafuga samaki jinsi alivyofuga matumbawe hai nyumbani. Wakati huo wenzake Ulaya na Marekani walikuwa wakihangaika, samaki wa bahari wanakufa mikononi mwao, na matumbawe wanayoweka ni mifupa iliyochemshwa. Yeye alitumia nini? Mawe kutoka baharini yenye viumbe hai ndani yake, mapovu ya hewa, na jua. Basi. Walimbishia, lakini mtu yule alikuwa ameuona ukweli: kichujio kikubwa cha tangi la matumbawe ni jiwe lenye vitundu, ambamo bakteria wanakaa na kugeuza amonia kuwa naitraiti, na naitraiti kuwa naitreti.

Je, mawe yetu ya Mwanza? Nani hajatamani kuweka kipande cha jiwe letu ndani ya tangi? Ni mawe mazuri, ni fahari yetu. Lakini ni matale, yaani graniti, yameshikana, hayana vitundu, na ni mazito. Hayatadhuru, ila bakteria hawana pa kukaa. Tafuta jiwe la chokaa lenye matundu, au mawe ya kutengenezwa kwa udongo wa kuchoma. Kisha subiri wiki nne hadi sita, ukipima, kabla ya samaki wa kwanza. Vipimo vya amonia na naitraiti navyo ni vifaa, viwekeni kwenye orodha.

Lee aliishi karibu na bahari, angeweza kubadilisha maji atakavyo. Sisi chumvi yetu imepanda lori. Ndiyo maana hapa mashine ya povu ina maana. Inapiga mapovu madogo sana, uchafu wa protini unanata kwenye mapovu, unapanda juu kama povu chafu, unaumwaga. Unauondoa kabla haujaoza, unaokoa chumvi na oksijeni, maana nayo inaingiza hewa. Msijaribu kuitumia kwenye matangi yenu ya maji ya ziwa: kwenye maji yasiyo na chumvi mapovu huungana na kuwa makubwa, na povu halipandi.

Na taa? Sasa ndiyo tuizungumze. Ndani ya nyama ya tumbawe wanaishi mwani wadogo mno, wanatengeneza chakula kwa mwanga na kumlisha mwenyeji wao. Kwenye kina, mwanga wa buluu ndio unaofika, kwa hiyo taa ya LED iwe na buluu ya kutosha, ya nanomita 450 hivi, pamoja na nyeupe. Masaa nane hadi kumi kwa siku. Kwa matumbawe laini, taa ya wastani inatosha kabisa. Taa kali kupita kiasi inaunguza: tumbawe linawafukuza wale mwani na kubaki jeupe. Jambo hilo hilo liliwapata matumbawe ya Mafia mwaka 1998, bahari ilipopata joto, na sehemu kubwa ilikufa.

Ndugu zangu, mkumbuke hilo mnapotafuta matumbawe ya kuweka. Bahari yetu imepigwa kwa joto na kwa mabomu ya wavuvi haramu. Matumbawe magumu yamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, hayavuki mpaka bila kibali. Yeyote anayekuletea ndoo na kukuambia "nimeyavunja mwenyewe jana", mwambie asante, ondoka nayo. Nunua vipande vilivyokuzwa na mfugaji, vyenye karatasi. Kama havipo, subiri.

Na kwa kijana anayesikia orodha hii na kuona mfuko hautoshi, mimi nasema anza na furu, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Nasema kwa dhati. Kwenye mawe ya Ghuba ya Mwanza anaishi furu mwenye mgongo mwekundu na pande za njano zenye mistari myeusi, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere na watafiti mwaka 1985. Wafugaji wa Ulaya wanamtafuta kwa hamu, na sisi tunaoga kando yake. Tangi lake halihitaji chumvi, halihitaji mashine ya povu, na mawe yetu ya matale ndiyo nyumbani kwake. Pampu, betri, kipimajoto na vipimo utakavyonunua kwa ajili yake ndivyo utakavyohamia navyo baharini siku ukiwa tayari.

Nimemaliza upande wangu. Wale mliokuja na chupa za maji kutoka nyumbani, TDS mita iko mezani pale mlangoni, tuanze na watu wa Mabatini na Isamilo, kisha Ilemela. Refraktomita mbili zipo, kila mtu asome mara moja kwa macho yake mwenyewe. Na anayetaka kupigiwa hesabu ya betri, aje na wati za pampu yake zimeandikwa kwenye karatasi. Wabeja sana.